Vijiti Vilivyochipuka Lhubiriha

Mimi ni mtu wa kivuli na kiti. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Bwera, magharibi mwa Uganda, somo ambalo wazazi wengi bado wanaliita lugha ya askari, na sijaona sababu ya kulifundisha nikiwa nimesimama juani. Kwa hiyo mkuu wa shule aliponiambia kwamba kila Ijumaa mchana nifuatane na darasa la sayansi hadi mtoni, kwa kuwa wasichana hawaruhusiwi kutoka nje ya shule bila mwalimu wa kike, nilinuna wiki nzima. Nilinunua mwavuli, nikakusanya madaftari ya kusahihisha, nikaenda kama mtu anayepelekwa kwenye msiba wa watu asiowajua.

Mwalimu wa sayansi alikuwa kijana mrefu aliyekulia Kilembe, katika nyumba za kampuni ya mgodi. Katika chumba cha walimu alikuwa kero. Viatu vyake vilikuwa na tope masika na kiangazi, mfukoni mwake mlitoka makonokono, na siku moja aliweka kopo la viluwiluwi kando ya birika la chai. Nilimtolea uvivu, akaomba radhi, kesho yake akaleta panzi. Mtaala mpya unataka wanafunzi wafanye miradi, na wengi wetu tulielewa kwamba mradi ni kutengeneza mifagio na sabuni ya maji. Yeye alielewa kwamba mradi ni mto.

Mto wenyewe ni Lhubiriha, unaoshuka kutoka Rwenzori ukipiga kelele na mawe yake, kisha ukatugawa sisi na Kongo kule Mpondwe. Miaka michache iliyopita ulifurika na kula kingo. Mjane mmoja anayeuza sombe, yaani kisamvu, na maharage sokoni Mpondwe alibaki na kipande cha shamba kilichojaa mawe na mchanga, na miti yote iliyoonyesha mpaka wake ikaenda na maji. Mwalimu alimwendea akamwomba wanafunzi wakitumie. Mama alicheka. Alisema kama tunataka kulima mawe tulime, ila tumpandie matete ukingoni ili mto usirudi kula kilichobaki. Yalikuwa makubaliano ya mdomo tu, na yalitosha.

Ijumaa ya kwanza niliketi juu ya jiwe chini ya mwavuli wangu nikafungua daftari la kwanza. Sikulimaliza. Mwalimu aliwaambia watoto wavue viatu, waingie kwenye maji ya kina kifupi, kila mmoja ageuze jiwe moja. Basi. Hakueleza lolote. Mmoja akapiga ukelele, halafu wote. Chini ya mawe kulikuwa na vidudu bapa vyenye mikia mitatu, vikikimbia kujificha upande mwingine wa jiwe. "Ni nini, sir?" wakauliza. Akajibu, "Mimi nimekiona leo kama ninyi. Geuzeni mengine." Baadaye aliwapeleka chini zaidi, mahali bodaboda zinapooshwa, wakageuza mawe ya huko. Hakukuwa na mkia hata mmoja, minyoo myekundu tu. Hawakuhitaji kuambiwa vidudu vile havipendi nini.

Mara moja askari wa doria alitukuta. Huko mpakani mtu akiona watoto wengi wamesimama mtoni hafikirii masomo.

"Nyinyi! Toka kwa maji! Mukubwa wa hapa iko wapi?"

"Ni mimi, afande," alisema mwalimu. "Tunasoma."

"Soma gani kwa maji? Kitabu iko wapi?"

Msichana mmoja akamnyoshea jiwe linalochuruzika. "Afande, angalia huku chini."

Yule askari aliitupa bunduki yake mgongoni, akachutama, akaangalia. Akauliza kadudu kale kanakula nini. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu tulikwisha kuzoea kila mtu ajitafutie jibu. Tulimwacha hapo hadi alipoitwa na wenzake kwa filimbi, naye alikuwa amekwisha kulowa magoti. Nakiri nilicheka mpaka mbavu zikauma, na tangu siku hiyo mwavuli nikawa nausahau nyumbani.

Sitaki kumfanya mwalimu huyu malaika. Alama za mitihani alizileta kwa kuchelewa, na ratiba kwake ilikuwa hekaya. Lakini nimefundisha muda mrefu, nimeona walimu wengi wanaosema kwa sauti nzuri, na sijaona mwingine anayejua kunyamaza hivyo. Aliuliza swali, kisha akasubiri. Alisubiri hata pale mimi nilipokuwa natafuna ulimi kwa hamu ya kulijibu. Watoto waliokuwa mabubu darasani kwangu walifunguka kwake kama maharage kwenye jua.

Somo kubwa la muhula lilikuwa viraka. Kila mwanafunzi alipewa kiraka cha ardhi, upana wa mikono iliyonyooshwa, akijue kama anavyojua kitanda chake: kinachoota, kinachotambaa, kinachokufa. Viraka vilipangwa kwa mstari mmoja, kuanzia njia ya miguu juu hadi majini, katikati ya kile kipande cha mama. "Kila mtu aweke alama yake kwenye kona," mwalimu alisema. "Kitu kisichooza." Watoto wakapanda mlimani kidogo, wakarudi na vijiti walivyokata kwa panga na kupukuta majani, wakavichomeka. Kijiti kisicho na majani ni kijiti tu. Hakuna mtu mzima aliyevitazama mara mbili.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja wa soksi nyeupe. Baba yake ni mnunuzi wa kahawa, mtu wa heshima zake, na alikuwa shemeji wa yule mjane, ndugu mdogo wa marehemu. Shamba lake linapakana na kile kipande kwa upande mto unakotoka. Ijumaa ya kwanza msichana alisimama ukingoni akishika sketi. Ijumaa iliyofuata alivua soksi, akazikunja vizuri, akaziweka ndani ya mkoba. Kiraka chake kilikuwa cha mwisho kabisa, kinalambwa na maji, na ndani yake aliishi chura. Alimlinda chura yule kwa wivu. Mtu akikanyaga karibu, alisema, "Pole pole, kuna mwenye nyumba." Nilianza kumpenda bila kutaka.

Likizo ikaja na mvua nyingi. Tuliporudi, watoto walikimbia mbele yetu, na nikasikia wakipiga vigelegele. "Madamu, vimeota! Vyote vimeota!" Kweli, kila kijiti kilikuwa kimetoa kichwa cha majani marefu, ya kijani inayong'aa, kama mahindi machanga. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa mtoto. Akaanza kueleza jinsi mti uliokatwa unavyoweza kutoa mizizi mipya. Mimi nilisimama pale njiani, nikatazama ule mstari wa kijani unaoshuka hadi mtoni, na moyo ukanishuka nao.

Ilikuwa miti ya mpaka. Kwetu, kuanzia Kisinga hadi huku, mtu akitaka kusema hapa ni pangu, hachimbi mfereji wala hajengi ukuta. Anachomeka mti huo. Haufi, hauhami, mbuzi hawautaki, na unajulikana na kila mtoto kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana watoto waliuchagua. Waliambiwa waweke alama juu ya kilicho chao, na kwa akili yao yote njema wakaweka alama pekee wanayoijua. Mwalimu wangu alikulia katika nyumba za kampuni, ambako mpaka ni ukuta wa jirani. Kwake yeye huo ulikuwa mti kama mwingine.

Mama alikuwa anatusubiri juu, amesimama na jembe.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake haikuwa ya juu, "niliwapa watoto nafasi ya kusoma. Sikukupa nafasi ya kunikatia shamba."

Ikatoka yote. Asubuhi ile shemeji yake alikuja na wazee wawili akawaonyesha ule mstari. Alisema miti ya baba yao, iliyofukiwa na mafuriko, imechipuka tena, na sasa kila mwenye macho anaona mpaka wa kweli ulipokuwa. Nusu ya upande mto unakotoka ni yake. Alikwisha kufunga mbuzi wake hapo.

"Mimi niko mujane," alisema mama kwa Kiswahili cha sokoni, ambamo "wako" ni "beko". "Watoto wangu beko wasichana, wote wameolewa. Nikisema, nani atanisikia? Miti iko pale inasema."

Macho ya mwalimu yakawa mekundu. "Basi nitaing'oa sasa hivi," alisema, akainama, akashika mti wa kwanza. Nilimrukia. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka alama za kucha zangu zikabaki kwenye ngozi yake, mbele ya wanafunzi, na sijali. Kwetu mti wa mpaka haung'olewi na mtu yeyote apitaye. Unang'olewa na aliyeupanda, mchana, majirani wakiona. Mwingine akiugusa ametangaza vita, na nimezika watu wa vita vya namna hiyo. Nilimweleza hivyo. Akaachia. Akakaa chini kwenye mchanga, akasema polepole, "Kwa hiyo ni watoto tu wanaoweza." Nikamwambia ndiyo, ni watoto tu.

Na watoto walizuiwa. Habari za mashamba hapa hukimbia kuliko bodaboda. Kabla ya Jumatatu kwisha, wazazi walikuwa wamejaa ofisini kwa mkuu wa shule. Walisema wamepeleka watoto kusoma, siyo kujitia katika kesi za watu. Siwalaumu, kesi ya shamba humpata mjukuu. Mkuu wa shule alifuta somo la mtoni siku hiyo hiyo, akakataza mwanafunzi yeyote kuonekana kule. Mwenyekiti wa kijiji naye alikwisha kutangaza kwamba Jumamosi majirani wakutane ukingoni, aamue. Niliwaza yule mama akirudishiwa nusu ya mawe yake kama fadhili, na sikulala vizuri.

Jumamosi tulikwenda wawili tu, mimi na mwalimu. Watu walikuwa wengi. Mwenyekiti, mwanamume mfupi mwenye kofia ya majani, aliketi juu ya gogo. Shemeji alivua koti lake, akalitandika juu ya jiwe, akasimama kusema, na binti yake amesimama nyuma yake, ameinamisha kichwa. Alisema vizuri. Hakumtukana mjane. Alisema baba yao alipanda miti ile kwa mkono wake, mto ukaificha, Mungu ameirudisha, na mwanadamu asibishane na kilichorudishwa. Wazee wakaguna kukubali. Sidhani alikuwa mwongo mtupu. Nadhani alitamani sana iwe hivyo, na mtu akitamani sana, hata vijiti vya watoto humletea sauti ya baba yake.

Mwalimu akaeleza. Alieleza vipandikizi, alieleza mizizi, na watu walimwangalia kama wanavyoangalia tangazo la benki. Mwenyekiti alimkatiza.

"Mwalimu, wewe ndiye ulipanda?"

"Hapana. Ni wanafunzi wangu."

"Beko wapi?"

"Wamekatazwa kuja hapa," alisema mwalimu. Mama alikuwa amekaa chini na miguu yake imenyooka mbele, mikono mapajani, akitazama maji, kama mtu aliyekwisha kuhesabu hasara na anasubiri tu wengine wamalize.

Nilimwona wa kwanza akiteremka njiani na dumu la maji, kana kwamba ametumwa mtoni na mama yake. Nyuma yake alikuja mwingine amembeba mdogo wake mgongoni. Wengine walitokea kwenye mihogo, wengine upande wa daraja, mmoja mmoja, wamevaa nguo za nyumbani, hakuna hata shati moja la shule. Hakuna aliyewaita. Hawakutusalimu wala hawakututazama. Walipita katikati ya wazee, kila mtoto akaenda kusimama kando ya mti wake. Mstari ule wa kijani ukawa mstari wa watoto. Nililia. Nasema tu ukweli, nililia kwa sauti, na mzee aliyekuwa karibu yangu akanipa leso yake chafu.

Mwenyekiti alikwenda kwa aliye juu kabisa. "Huu iko wako?"

"Ndiyo, mzee. Nilipanda mimi. Nilikata pale juu kwa panga."

"Ng'oa."

Mtoto hakuuvuta. Alipiga magoti, akachimba kwa vidole pande zote kama alivyofundishwa, asikate mzizi, kisha akauinua. Chini kulikuwa na mizizi michache myeupe, mirefu kama kidole, na mwisho wa kijiti ulionyesha bado mkato wa panga, mshazari, safi. Mwenyekiti aliugeuzageuza. Akampa mzee wa kwanza, naye akampa wa pili. "Mti ya babu haina alama ya panga huku chini," alisema mzee wa pili, kwa masikitiko kidogo. Basi wakaendelea. Mtoto kwa mtoto waling'oa, wakaonyesha, wakaulaza mti mchangani. Hakuna aliyeharakisha.

Ukabaki mmoja. Ulikuwa wa chini kabisa, pale kando ya maji, umenona kuliko yote, na hakuna mtoto aliyesimama kando yake.

"Na huu?" alisema shemeji. Sauti yake ilikuwa imepata nguvu. "Huu nao una mwenyewe? Mimi naona huu mmoja hauna. Kutoka hapa mpaka njiani, mtu ananyosha kamba tu."

Ilikuwa kweli. Mti mmoja ukibaki umebaki mpaka, na watu walianza kuongea tena. Wanafunzi wote walijua ule ulikuwa wa nani, na wote walitazama miguu yao. Nilimtazama mwalimu. Alijua pia. Angeweza kumwita jina lake mbele ya watu na kesi ingekwisha. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga, akaweka mikono nyuma, akasubiri, vile vile anavyosubiri siku zote. Nilitaka kumpiga. Sasa, nikifikiri, hilo ndilo ninalomheshimu kuliko mambo yote aliyowahi kufundisha, maana jina likitoka kinywani mwake msichana angekuwa ameshtakiwa, si amesema.

Msichana alitoka nyuma ya baba yake. Alivua viatu, maana ardhi ya pale ni tope, akashuka. Magoti yake yalizama. Alichimba muda mrefu kuliko wengine, kwa kuwa mizizi ilikuwa imekunywa sana, na alitumia vidole vyote kumi bila kumwangalia mtu. Alipopanda, aliushika mti kwa mikono miwili, maji yakimtiririka hadi viwikoni, hakumpelekea mwenyekiti. Alimpelekea baba yake.

"Baba, huu ni wangu. Nilipanda mimi."

Aliupokea. Alitazama mizizi, akapitisha kidole gumba juu ya ule mkato wa panga, na nikaona uso wake ukizeeka. Hakumpiga, hakumfokea. Aliuweka mti chini kwa uangalifu, akamfungua mbuzi mmoja, akamfungua wa pili, akaondoka nao kuelekea juu bila kumngoja mtu.

Mwenyekiti alisema shamba ni la mama, na kwamba yeye mwenyewe ataongea na mkuu wa shule. Watu walipiga makofi. Msichana hakusikia. Alisimama na mikono yake ya tope imening'inia, akitazama mgongo wa baba yake ukipanda mlima, na kila mtu mzima pale alielewa anachojiuliza: kama usiku ule ana nyumba ya kurudi. Mwalimu alisogea hatua moja, akasita.

Mama ndiye aliyeinuka. Alikwenda kwenye jiwe, akachukua lile koti lililosahauliwa, akalikung'uta mara mbili, akamwekea msichana begani.

"Mupelekee baba yako," alisema. "Kule juu kuna baridi. Mwambie nimelikung'uta siafu."

"Mama mkubwa, amekasirika."

"Iko baba yako. Akasirike akiwa amevaa. Kimbia."

Akakimbia, peku, koti likimpiga mgongoni. Sote tuligeuka kutazama, wazee, watoto, hata mwenyekiti na kofia yake mkononi. Alipofika karibu na migomba tulisikia akiita. Baba yake alikwenda hatua chache zaidi na mbuzi wake, kisha akasimama. Hakugeuka. Lakini alisimama hapo, akaunyosha mkono mmoja nyuma, akamngoja amvishe.